Bwanikwa wa Katanga na ushahidi wa waliokuwa watumwa

Bwanikwa alikuwa mwanamke wa Kiluba aliyeishi katika nusu ya pili ya karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, katika nchi ambayo leo inaitwa Katanga. Aliuzwa mara 10. Mwishowe alijikomboa kwa kumkabidhi bunduki mwanamume aliyekuwa mume wake na bwana wake kwa wakati mmoja. Kisa chake alimsimulia mmisionari Dugald Campbell, naye akakichapisha Glasgow mwaka 1916. Kati ya watu wote waliouzwa katika njia za Lualaba, Bunkeya na Bihé, Bwanikwa ni mmoja wa wachache mno ambao habari zao wenyewe zimebaki.

Marekani nako, miongo michache kabla yake, waliokuwa watumwa walikuwa wamepanda majukwaani na kuhutubia kumbi zilizojaa watu. Frederick Douglass na Sojourner Truth wanatajwa hata katika vitabu vya shule vya nchi za mbali. Jina la Bwanikwa ni wachache wanaolijua, hata Likasi, mji uliosimama juu ya shaba ileile iliyozungusha biashara ya zama zake. Ni rahisi kudhani kwamba Marekani ilizaa wasemaji na Katanga ikazaa wanyonge walionyamaza. Dhana hiyo haisimami ushahidi unapoangaliwa kwa makini. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa akisikiliza, na kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Biashara iliyommeza Bwanikwa ilikuwa na makao yake makuu Bunkeya, kaskazini mwa Likasi. Mtawala wa huko alikuwa Msiri, jina lake la awali Ngelengwa, Msumbwa kutoka upande wa magharibi wa Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa ameifahamu nchi hiyo kwa biashara ya shaba, na mwana akaja kukaa moja kwa moja katikati ya karne ya 19. Alijenga dola iliyoitwa Garenganze, na watu wake wakajulikana kama Bayeke. Basanga na majirani zao walikuwa wakichimba madini katika vilima vya Kambove na Likasi karne nyingi kabla ya kampuni yoyote ya Kizungu kufika. Waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo na kuimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa fedha: ilinunua jembe, mbuzi, mke na mtu.

Bunkeya ilikuwa na milango miwili. Wa mashariki ulielekea Tabora na Zanzibar kupitia misafara ya Wanyamwezi na Waswahili. Wa magharibi ulielekea Bihé na Benguela kupitia Ovimbundu wa Angola. Mtandao huo uliingiza bunduki, baruti na nguo, ukatoa pembe za ndovu na watu. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, lakini mlango wa magharibi ulibaki wazi kwa miaka mingi. Kwa sheria Ureno ilikuwa imekwisha kuondoa utumwa, ila Benguela mtu aliyenunuliwa aliwekwa mbele ya ofisa, akaandikiwa mkataba asioujua, akapakiwa merikebuni kwenda mashamba ya kakao ya São Tomé. Mwandishi Mwingereza Henry Nevinson alisafiri njia hiyo mwaka 1904 na 1905, akakuta pingu za miti zimeachwa kandokando ya njia.

Si wote walionunuliwa Garenganze waliopelekwa pwani. Wanawake hasa walibakizwa, wakalima, wakatwanga, wakazaa, na wengi waliitwa wake. Ndiyo sababu utumwa wao ulikuwa mgumu kuonekana. Mke wa ndoa alikuwa na ndugu waliopokea mahari, na alipoonewa alirudi kwao au kaka zake walikuja kudai maelezo. Mke aliyenunuliwa hakuwa na mtu wa kuja. Alilala nyumba ileile na kupika chungu kilekile, lakini bwana wake akibanwa na deni angeweza kumtoa alipe. Maisha ya Bwanikwa hayaeleweki bila jambo hilo kukumbukwa, maana mara nyingi alipobadilisha bwana, aliyetazama kwa mbali angeona tu mwanamke anahamia kwa mume mwingine.

Utumwa wake haukuanza kwa uvamizi wa usiku. Ulianzia nyumbani. Mke mkuu wa baba yake alifariki, na kwa desturi wakwe wakadai fidia ya msiba. Walitaka watumwa watatu. Baba alikuwa nao wawili. Binti mmoja alipaswa kukamilisha hesabu, na aliyetolewa ni Bwanikwa. Katika nchi nyingi za Afrika ya Kati mtoto aliyetolewa hivyo aliwekwa kama rehani: ukoo wake ulitarajia kumrudisha ukishapata mbadala. Kabla ya bunduki na misafara kuenea, matumaini hayo yalikuwa na msingi, kwa kuwa mtoto wa rehani alikaa kijiji cha jirani na habari zake zilijulikana. Misafara ilipoanza kupita kila msimu, aliyemshika mtoto wa watu alijua kwamba mzigo wa baruti unaweza kupatikana leo, na baba anayeahidi kulipa anaweza asilipe kamwe. Bwanikwa aliuzwa. Baada ya hapo akawa mali inayopita mikononi, hadi akafika katika nchi ya Msiri.

Sehemu hii ya kisa ina uzito kuliko zote. Wapinga utumwa wa Ulaya walipenda kuchora picha moja tu: Mwarabu mwenye kanzu na upanga, kijiji kinachoungua, mlolongo wa watu wenye magogo shingoni. Picha hiyo ilikuwa na ukweli wake. Maniema na kingo za Ziwa Tanganyika ziliyaona hayo. Lakini Bwanikwa anaeleza mlango mwingine, ambao wenyeji waliufungua wenyewe kwa deni, msiba na baraza la wazee. Hakumficha baba yake, na wala hakumfanya shetani. Kusema hivyo mbele ya mgeni kulihitaji ujasiri, na ni vigumu kuamini kwamba mmisionari ndiye aliyemtungia, kwani kisa cha mvamizi kutoka mbali kingemfaa zaidi kuchangisha fedha.

Mwaka 1891 dola ya Msiri ilianza kuporomoka. Basanga waliasi, njia zikafungwa, njaa ikaingia Bunkeya. Tarehe 20 Desemba mwaka huo Kapteni Omer Bodson, wa msafara ulioongozwa na William Stairs kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alimpiga Msiri risasi akamuua, na yeye mwenyewe akauawa katika tukio hilohilo. Watu wakatawanyika. Wamisionari wa Plymouth Brethren, waliokuwa Bunkeya tangu Frederick Stanley Arnot alipofika mwaka 1886, walihamia Ziwa Mweru, na Dan Crawford akaanzisha kituo cha Luanza. Huko walikusanyika wakimbizi, wajane, watoto wasio na ukoo na watumwa waliotoroka mabwana. Bwanikwa, wakati huo akiwa mikononi mwa mwanamume aliyeitwa Wafwilwa, alikuwa miongoni mwa watu waliojishikiza kwenye misheni.

Misheni ilimpa usalama, haikumpa uhuru. Wafwilwa naye aliingia katika jumuiya ya Kikristo, na machoni pa kanisa wawili hao walikuwa mume na mke. Machoni pa desturi Bwanikwa alibaki mtu aliyenunuliwa, na mume alikumbuka hivyo. Dola ya Kongo ya Leopold ilitangaza kwamba utumwa umekwisha. Bwanikwa angeweza kuridhika na tangazo hilo. Hakuridhika. Kwa jasho lake alitafuta mali hadi akapata bunduki, akampa Wafwilwa iwe bei yake.

Kwa nini bunduki? Garenganze na nchi za jirani hazikuwa na kipimo cha thamani kilichofahamika zaidi ya hicho. Watu walikuwa wamebadilishwa kwa bunduki kwa miaka 40. Kulipa kwa bunduki kulikuwa kusema kwa lugha ambayo mume, wazee na majirani wote waliielewa, bila nafasi ya kubishana baadaye. Karatasi ya ofisa wa Kibelgiji ingeweza kupuuzwa kijijini. Bunduki iliyopokelewa mbele ya watu haikupuuzwa. Tangu siku hiyo, akikaa na Wafwilwa alikaa kwa hiari. Kama kuna hotuba moja katika maisha ya Bwanikwa inayostahili kuwekwa karibu na hotuba kubwa za wapinga utumwa, ni tendo hilo.

Ukombozi wa kulipa ulizua mjadala mkali upande wa pili wa bahari pia. Sojourner Truth alizaliwa mtumwa mnamo 1797 katika wilaya ya Ulster, jimbo la New York, akiitwa Isabella. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, kwa kuwa mabwana wake wa kwanza walikuwa wa asili ya Uholanzi. Mwaka 1826, mwaka mmoja kabla ya sheria ya jimbo kuwaachia huru watumwa wote, aliondoka kwa bwana wake John Dumont alfajiri, mtoto mchanga mkononi. Familia ya Van Wagenen ilimpokea, na Dumont alipokuja kudai mali yake, ikamlipa dola 20 kwa ajili ya mama na dola 5 kwa ajili ya mtoto. Frederick Douglass alitoroka Baltimore tarehe 3 Septemba 1838, lakini kisheria alibaki mtumwa anayeweza kukamatwa wakati wowote. Alipokuwa Uingereza mwaka 1846, marafiki zake wa huko walichanga pauni 150 na kumnunua kutoka kwa familia ya Auld.

Baadhi ya wapinga utumwa wa Marekani walikasirika. Walisema kwamba kumlipa mwenye mtumwa ni kukubali kuwa alikuwa na haki ya kummiliki mtu. Douglass alijibu kwamba aliyelipa mwizi ili arudishiwe chake hajauhalalisha wizi. Hoja za pande zote mbili zina nguvu, ila upande wa Douglass ulikuwa na jambo ambalo wakosoaji wake, waliozaliwa huru, hawakulionja: hofu ya kurudishwa. Bwanikwa hakuusikia mjadala huo, lakini alikwisha kuutatua kwa njia yake. Zaidi ya hapo, yeye hakununuliwa na wafadhili. Alijilipia.

Tofauti inayofuata ni ya kalamu. Sojourner Truth hakujifunza kusoma wala kuandika maisha yake yote. Mwaka 1828 alishtaki mahakamani ili arudishiwe mwanawe Peter, aliyeuzwa Alabama kinyume cha sheria, na akashinda. Mwaka 1843 akajipa jina jipya, akaanza kuzunguka akihubiri. Maisha yake aliyasimulia, Olive Gilbert akayaandika, kitabu kikatoka mwaka 1850. Mei 1851 alizungumza kwenye mkutano wa haki za wanawake mjini Akron, Ohio, na hotuba hiyo ndiyo iliyompa umaarufu wa kudumu.

Hotuba ya Akron ina matoleo mawili yanayogongana. La kwanza liliandikwa na Marius Robinson, aliyekuwapo, na kuchapwa katika gazeti la wapinga utumwa wiki chache baadaye, Juni 1851. Ni fupi, lenye hoja zilizopangwa: mwanamke analima na kuvuna sawa na mwanamume, kwa hiyo ana haki sawa, na Biblia yenyewe inawapa wanawake heshima. La pili liliandikwa na Frances Dana Gage mwaka 1863, miaka 12 baada ya mkutano. Gage alitia lafudhi ya watumwa wa Kusini, ingawa Truth alikulia New York na kuongea kwa mkazo wa Kiholanzi, na akaweka kiitikio maarufu ambacho hakimo kabisa katika toleo la Robinson. Toleo la Gage ndilo lililokaririwa na vizazi. Mzungu mwenye nia njema alichukua usemi wa mwanamke mweusi, akaupaka rangi aliyodhani inamfaa, na dunia ikaipenda rangi hiyo kuliko usemi wenyewe.

Hali ya Bwanikwa ni ya namna hiyohiyo, na mbaya zaidi kwa kuwa hakuna toleo la pili la kulinganisha. Alizungumza kwa lugha yake, Campbell akasikia, akakumbuka, akaandika Kiingereza kwa ajili ya wasomaji waliochangia misheni. Mwisho wa kisa ulipaswa kuwa wongofu, na kila taabu ya awali ilipaswa kuelekea huko. Hata hivyo, msomaji makini anaweza kutenganisha nyuzi. Mambo yasiyomsaidia mwandishi, kama hesabu ya fidia ya msiba, bei za kila mauzo na ugumu wa mume Mkristo, yana uwezekano mkubwa kuwa ya msimuliaji mwenyewe. Mwanahistoria Marcia Wright alikisoma kisa hicho kwa namna hiyo katika makala ya mwaka 1983, na tangu hapo Bwanikwa akaanza kutajwa kama mtu mwenye fikra na msimamo, wala si mfano tu wa kuokolewa.

Douglass alikwepa mtego huo kwa kuishika kalamu mwenyewe, na alijua thamani yake tangu utotoni. Alizaliwa Februari 1818 katika wilaya ya Talbot, Maryland. Sophia Auld, mke wa bwana wake wa Baltimore, alianza kumfundisha herufi; mumewe Hugh akamkataza, akisema kusoma kunamharibu mtumwa. Mtoto akaelewa hapohapo kwamba katazo hilo limemwonyesha njia. Aliendelea kujifunza kwa watoto Wazungu wa mtaani, na alipofika umri wa miaka 12 hivi alinunua kwa senti 50 kitabu cha hotuba mashuhuri, akakisoma na kukirudia kwa sauti akiwa peke yake. Ndani yake mlikuwa na mazungumzo ambamo mtumwa anajadiliana na bwana wake na kumshinda kwa hoja. Mafunzo yake ya usemi yalianzia hapo, miaka mingi kabla ya jukwaa lolote.

Agosti 1841 alisimama kwenye mkutano wa Nantucket akasimulia maisha yake, na chama cha mpinga utumwa William Lloyd Garrison kikamwajiri kuwa msemaji wake. Mgongano ulijitokeza mapema. Viongozi wa chama walimtaka asimulie tu yaliyompata, uchambuzi awaachie wao. Walimshauri hata asiongee kwa ufasaha kupita kiasi, watu wasije wakakataa kuamini kwamba aliwahi kuwa mtumwa. Ushauri huo ulitoka kwa marafiki, na ndiyo maana unachoma. Ulimtaka awe kidonda cha kuonyeshwa, na mganga awe mwingine. Mwaka 1845 alichapisha kitabu cha maisha yake chenye majina halisi ya watu na mahali, ili asiyeamini akachunguze. Kitabu kilimweka hatarini, akalazimika kwenda Ireland na Uingereza. Aliporudi alianzisha gazeti lake, North Star, huko Rochester mnamo Desemba 1847. Tangu hapo hakuhitaji ruhusa ya mtu kuhusu nini aseme.

Uhodari wake wote unaonekana katika hotuba ya tarehe 5 Julai 1852, aliyoitoa Rochester mbele ya watu karibu 600 kwa mwaliko wa chama cha wanawake wapinga utumwa. Sherehe ya uhuru wa Marekani huwa tarehe 4. Kuchagua siku inayofuata kulikuwa tayari hoja. Alianza kwa kuwasifu waasisi wa taifa, kwa heshima na bila haraka, hadi wasikilizaji wakatulia. Kila mara alisema baba zenu, taifa lenu, sikukuu yenu, hakujihesabu ndani yake. Kisha akageuza uso wa hotuba na kuuliza siku hiyo inamhusu nini mtumwa. Baada ya hapo akayashambulia makanisa, sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, na soko la watu lililokuwa likiendelea siku hiyohiyo wao wakipiga makofi. Silaha zake zote alizichukua kwao: Biblia yao, tamko lao la uhuru, katiba yao. Waliomsikia wanataja pia sauti nzito, kimo kirefu, na kipaji cha kuwaigiza wahubiri wa Kusini wanavyowahubiria watumwa utii, ukumbi ukicheka kwanza na kunyamaza baadaye.

Hotuba ya aina hiyo inahitaji wasikilizaji waliokwisha kukiri hadharani kanuni wanazozivunja. Inahitaji pia magazeti ya kuichapa, sheria inayoweza kubadilishwa kwa kura, na majimbo ambako msemaji hawezi kukamatwa kesho yake. Douglass alivipata hivyo vyote, ingawa kwa taabu. Akaishi hadi tarehe 20 Februari 1895, akiwa amezungumza na Rais Lincoln ana kwa ana na kuiwakilisha Marekani nchini Haiti.

Afrika ya Mashariki na ya Kati ilikuwa na wasimulizi, lakini majukwaa yalikuwa Ulaya na wasemaji wake walikuwa Wazungu. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890 ulikusanya mataifa kujadili jambo hilohilo. Hakuna mtu aliyeuzwa Katanga wala Maniema aliyeketi pale. Leopold II alitoka na kibali cha kutoza ushuru wa bidhaa ziingiazo Kongo, kwa sababu iliyotajwa ya kupambana na watumwa, na mwaka uliofuata Msiri akauawa kwa bendera hiyohiyo. Mmarekani mweusi George Washington Williams, aliyezaliwa huru Pennsylvania mwaka 1849, ndiye aliyevunja ukimya huo. Julai 1890, akiwa Stanley Falls huko Kongo, alimwandikia Leopold barua ya wazi akiishtaki dola yake kwa mambo mengi, mojawapo likiwa kushiriki yenyewe katika kununua na kuuza watu.

Ushahidi wa walioteswa ulikusanywa pembeni, vipande vipande. Mwaka 1870 ilichapwa Ufaransa habari ya Swema, binti wa Kiyao aliyezikwa akiwa hai Zanzibar na kuokolewa, ikiwa imepambwa mno kwa mahubiri. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu cha visa vya wavulana wa shule ya Kiungani, Zanzibar, waliosimulia kwa Kiswahili jinsi walivyokamatwa. Tafsiri ya Kiingereza ndiyo iliyosomwa. Petro Kilekwa, Mbisa aliyeokolewa na manowari ya Kiingereza akiwa njiani kuelekea Ghuba ya Uajemi, akawa padri wa Kianglikana Nyasaland na kuchapisha maisha yake mwaka 1937. Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi na kukombolewa na Mapadri Weupe, alisomea utabibu Malta na kutibu watu Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya nusu karne.

Kiswahili chenyewe kilimpa mfanyabiashara nafasi mapema kuliko aliyeuzwa. Tippu Tip aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Misafara, vita na pembe vimo kwa kirefu, na watu waliouzwa wanapita kama mizigo mingine. Ilibidi kungoja hadi 1934 ndipo James Mbotela, aliyezaliwa na wazazi waliokombolewa na kuishi Freretown, Mombasa, alipotoa Uhuru wa Watumwa. Kitabu hicho kinawasifu mno Waingereza, na wahakiki wamekilaumu kwa haki. Hata hivyo kilikuwa jambo kubwa: mtoto wa watumwa, kwa lugha ambayo watumwa na mabwana waliitumia pamoja, aliandika safari ya baba yake kutoka upande wa Ziwa Nyasa hadi pwani.

Katanga haikupata kitabu cha namna hiyo, na sababu mojawapo iko hukohuko. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianzishwa 1906, reli ikafika mji wa Elisabethville 1910, na mwaka huohuo likaundwa shirika la Bourse du Travail kuandikisha vibarua wa migodi. Machifu walidaiwa vijana kama walivyodaiwa zamani na Msiri. Wengi walikwenda wakiwa na hofu ya kutorudi, na vifo kambini viliwapa sababu. Serikali iliyojisifu kwa kukomesha utumwa haikuwa na hamu ya msemaji atakayesimama Likasi au Kambove na kueleza, kwa kujua, mtu huwaje akichukuliwa kwao kwa nguvu. Wazee waliokumbuka misafara ya Bihé walikuwapo kambini na vijijini, wakisimulia jioni kwa watoto, na sehemu kubwa ya habari zao ilikwisha pamoja nao.

Walau mmoja wa wamisionari wa Garenganze alitumia aliyoyaona kwa kusudi pana kuliko wongofu. Charles Swan, aliyefika Bunkeya mwaka 1887, alikusanya ushahidi kuhusu watu waliopelekwa Angola na kuuchapisha mwaka 1909, akithibitisha aliyoyaandika Nevinson. Mwaka huohuo viwanda vya chokoleti vya Cadbury, Fry na Rowntree viliacha kununua kakao ya São Tomé. Njia iliyoanzia kwenye vijiji vya Baluba ilikuwa imefika kwenye rafu za maduka ya Uingereza, na waliouzwa walihesabika katika ushahidi huo bila majina.

Ndiyo maana kisa chenye jina kina thamani ya pekee. Katika kitabu chake cha mwaka 1993 Marcia Wright alimweka Bwanikwa pamoja na wanawake wengine wa eneo lililo kati ya Ziwa Nyasa, Tanganyika na Mweru: Narwimba, Chisi na Meli. Habari za Narwimba na Chisi zilihifadhiwa na wamisionari wa Moravian, kama ya Bwanikwa ilivyohifadhiwa na Campbell. Ya Meli ilipita njia nyingine. Alitekwa akiwa mtoto, akaishia kwenye misheni ya Kawimbe, akaolewa na kuzeeka akiwa na wajukuu. Aliyeketi naye na kuandika aliyoyasema ni mjukuu wake wa kiume.